Siku yangu moja: kuongoza onyesho dogo Dar es Salaam

Saa kumi na mbili asubuhi natandaza vikaratasi mezani, kila kipande na karatasi yake: wimbo, kichekesho, ngonjera, wimbo tena. Waigizaji wanne, mpiga kinanda mmoja, dakika tisini, wala hakuna kisa kimoja cha kuwashika watazamaji. Kinachowashika ni mpangilio. Hiyo ndiyo kazi yangu hasa, na naipenda.

Wapo wanaodhani mtindo huu nimeuchukua Ulaya. Kweli, London walikuwa nao kwenye kumbi ndogo hata kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Lakini mimi nimelelewa na vikundi vya sanaa vya miaka ya 1990, Muungano na TOT (Tanzania One Theatre): jioni moja unapata ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu. Nilichopunguza ni ukubwa wa ukumbi tu.

Saa nne, mazoezi. Tunashinda kwenye kichekesho cha kamati ya harusi. Mama, mkongwe wa kundi letu, ndiye mwenyekiti anayedai michango, na anapaza sauti hadi barabarani wasikie.

"Mama, watu wa mbele wako hatua mbili tu kutoka kwako. Inua nyusi, watakuona."

Anafungua daftari, anatafuta jina, anamtazama mdaiwa. Kimya. Mpiga kinanda anaangua kicheko, anaacha kupiga.

"Nimekuelewa, mwanangu," anasema Mama.

Mchana ni simu: kibali, viti, fundi wa taa.

Saa kumi nauondoa wimbo wa mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita. Ni mzuri, mtunzi ameumia, nami nimeumia naye. Ila unafuata wimbo mwingine wa taratibu, na ukumbi ukishapoa kuuchangamsha upya ni kazi. Nimemwahidi nafasi katika onyesho lijalo.

Saa moja na nusu usiku tunaanza. Nasimama nyuma, nasoma migongo ya watazamaji. Wanaofurahi huinama mbele. Wakianza kuegemea viti, naandika ni kipande gani. Taa lazima izimwe kwenye neno la mwisho lenyewe. Leo kwenye kamati ya harusi imechelewa kidogo, kicheko kikakatika.

Saa nne usiku tunagawana kiingilio, kisha natoa maelekezo. Nyusi za Mama zinabaki. Kesho kamati ya harusi itakuwa kipande cha mwisho kabla ya mapumziko, na fundi wa taa atafika saa tisa turudie kuzima.