Kichungi Kilipowaka

Puto la hidrojeni ndilo nililoliogopa, kumbe hatari ilikuwa kwenye karatasi ya kuchujia.

Ilikuwa 2013, katika labo ndogo hapa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu. Chupa ya gesi hatukuwa nayo, hivyo tulitengeneza hidrojeni kwa zinki na asidi ya hidrokloriki, tukaikausha, tukajaza puto. Profesa alinipa gramu 2 za kwinini, dawa inayotoka kwenye maganda ya miti inayolimwa milimani kwetu. Molekuli yake ina mkia mfupi wenye kiungo maradufu kati ya kaboni mbili. Nilitakiwa kukijaza kiungo hicho hidrojeni, nipate dihidrokwinini.

Nikapiga hesabu: mililita 138 za hidrojeni zinatosha.

"Hizo ni za pwani, mwanangu, tena kwenye baridi ya nyuzi 0," profesa akasema. "Sisi tuko mita 1,500, kanieneo ya hewa ni ndogo, gesi hutanuka."

Tukarudia: kama 175. Hesabu hiyo naipenda hadi leo, kwa kuwa ziwa na milima yetu vilikuwa ndani yake.

Kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko, kilikuwa gramu 0.2 za unga mweusi, metali ya paladiamu asilimia 10 juu ya makaa. Puto lilinywea taratibu mchana kutwa. Usiku likatulia. Nikamimina kila kitu kwenye kichungi, metanoli, alkoholi tuliyoyeyushia kwinini, ikashuka, nami nikaenda kuosha vyombo.

Paladiamu hufyonza hidrojeni hadi mara 900 ya ujazo wake, na haiiachii kwa sababu tu umeondoa puto. Unga ulipokauka, hewa ikaingia. Hidrojeni na oksijeni zikaungana juu yake, ukapata moto, mvuke wa metanoli ukashika. Niligeuka nikaona mwali wa samawati, hafifu mno, ukicheza juu ya karatasi.

Profesa aliufunika kwa bika, ukafa.

"Unga huu usikauke mbele yako tena. Maji kwanza, vyombo baadaye."

Kimiminika kilichochujwa kilikuwa salama. Tulitia tone lake kwenye asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa, tukaliweka chini ya taa ya urujuanimno: likang'aa samawati kama kwinini yenyewe. Pete ya kwinolini, sehemu ya molekuli inayotoa mwanga huo, haikuguswa. Nilishusha pumzi.

Masalia ya kichungi, pamoja na miligramu zake 20 za paladiamu, tuliyazamisha kwenye chupa ya maji. Lebo niliiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.