Siku moja maishani mwangu: kuifuata Drosha, maabara Bagamoyo

Saa 1:00 asubuhi. Glovu mpya, meza inapanguswa kwa dawa ya kuua RNase, vimeng'enya vinavyokatakata RNA, ile nakala inayotolewa kwenye jeni. Vimeng'enya hivyo vimejaa kwenye ngozi na jasho, na joto la pwani linatutoa jasho. Ukigusa kitasa au simu, badilisha glovu.

Saa 2:00. Damu imefika. Watu wakisikia maabara hufikiria malaria na sukari. Hapa tunafuatilia kazi ya jeni moja, DROSHA. Kimeng'enya chake hukaa ndani ya kiini cha seli na kufanya kazi na protini DGCR8. Kinaukata uzi mrefu wa RNA uitwao pri-miRNA, pale ulipojikunja kama pini ya nywele, kikabakiza kipande cha herufi 70 hivi. Protini Exportin-5 hukitoa kwenye kiini, kimeng'enya Dicer hukimalizia: maikroRNA ya herufi 22 hivi, RNA fupi inayodhibiti jeni nyingine. Drosha ikilegea, pri-miRNA zinarundikana, maikroRNA zilizokomaa zinapungua. Uwiano huo ndio tunaoutafuta.

Kwa hiyo seli nyekundu ziondoke zote. Hazina kiini, pri-miRNA hazimo, ila zimejaa maikroRNA zilizokomaa, miR-451 na miR-16. Kitonge cha seli nyeupe kikibaki na wekundu, nazipasua tena seli nyekundu.

Saa 4:00. Trizol, kimiminika cha kutenganisha RNA, mililita 1, kloroformu maikrolita 200, tikisa sekunde 15, kisha sentrifuji dakika 15 kwa nyuzi 4. Juu panabaki maji angavu yenye RNA, katikati utando mweupe wa DNA, chini waridi. Mkono usitetemeke: nanyonya ya juu tu, na ya mwisho naiacha. Praima za pri-miRNA, vipande vifupi vinavyoonyesha pa kuanza kunakili, hazichagui: hata DNA huishika. Ndiyo maana kila sampuli hupewa DNase, kimeng'enya cha kukata DNA, dakika 30 kwa nyuzi 37, pamoja na tyubu ya pili isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa cDNA, nakala ya DNA ambayo mashine huisoma. Mashine ya PCR inaponakili mzunguko kwa mzunguko, tyubu hiyo inatakiwa kunyamaza, isionyeshe kitu.

Mchana haikunyamaza. Mstari wa sampuli ulipanda kwenye mzunguko wa 30, wa tyubu ile kwenye wa 31. Kila mzunguko huzidisha mara mbili, hivyo tofauti ya mzunguko mmoja maana yake karibu nusu ya kinachosomeka ni DNA. Mashine ilichora mstari mzuri kabisa, na asiyeweka tyubu ile angeuamini. DNase upya, kugeuza upya, sahani nzima upya. Mgongo unauma, macho yanawaka.

Jua limezama. Mizunguko 40 imekwisha, tyubu ile kimya. Uwiano huu nautia sahihi.