Kideri hakina dawa: tulivyojipanga kuchanja kuku wa kitongoji kizima

Watu wakiona kuku wangu huniuliza natumia dawa gani ya kideri. Situmii dawa yoyote. Kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo, husababishwa na virusi, na zile kapsuli za tetrasaiklini ambazo wengi huzifungua na kumwaga kwenye maji ya kuku zinapigana na bakteria. Mwarobaini, shubiri, pilipili, majivu, vyote navijua, nimekulia humo. Kuku aliyepona baada ya kunyweshwa shubiri angepona hata angenyweshwa uji.

Ninaishi Ikungi, mkoani Singida, na kuku wangu ni wa kienyeji, wa kujitafutia. Mchana wanazurura, jioni nawatupia mtama kidogo na mashudu ya alizeti, usiku wanalala bandani. Huku kwetu kuku ni fedha ya haraka kuliko zote. Siku ya mnada wachuuzi wanapita na matenga, na jioni matenga hayo yapo juu ya basi au lori yakielekea Dodoma na Dar es Salaam. Mtoto akidaiwa mchango shuleni anauzwa kuku, mgonjwa akihitaji nauli anauzwa kuku. Kideri kikipita, kwa miezi kadhaa watu wanaishi kwa kukopa.

Na kikipita unakijua. Kuku anazubaa, manyoya yamesimama, mbawa zimelegea hadi zinafagia chini. Kinyesi kinakuwa cha kijani. Wengine wanakoroma kwa kukosa pumzi, wengine shingo inapinda mpaka kichwa kinaangalia mgongoni. Kundi ambalo halijawahi kuchanjwa linaweza kuisha lote. Lakini kinachotumaliza zaidi ni zile siku kabla ya dalili. Tangu virusi viingie hadi kuku aanze kuzubaa hupita siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6. Kwa hiyo yule tetea mzuri uliyemnunua mnadani Jumamosi, macho yanang'aa, anaweza kuwa tayari anavyo. Halafu mwenye kuku aliyeona mmoja amezubaa hufanya nini? Anawakamata wengine wote upesi awapeleke mnadani kabla hawajafa. Simlaumu, ana watoto. Ila virusi vinasafiri hivyo, ndani ya tenga, kwa nauli ya mchuuzi.

Nilianza kuchanja peke yangu, na hapo nikakuta matatizo mawili. La kwanza ni chupa. Ndogo kabisa niliyoipata duka la dawa za mifugo ilikuwa ya kuku 100, na mimi sikuwa hata na 30. Nikishaichanganya, siwezi kuiweka mpaka mwezi ujao. La pili ni kwamba kuku wa jirani wanakuja kunywa maji kwangu, na vifaranga wangu huanguliwa wakati wowote wanaotaka wao, siyo wakati wa chanjo. Kifaranga aliyeanguliwa wiki moja baada ya mimi kuchanja hana kinga kamili, na jirani akileta kideri kutoka mnadani, huyo ndiye wa kwanza. Nikaona chupa yenyewe inanielekeza: kuku 100 ni mimi na nyumba nne au tano zinazonizunguka.

Chanjo tuliyochagua ni ile ya I-2, ya kudondosha jichoni, ambayo hapa nchini imezoeleka kwa jina la Temevac. Iko pia Lasota, nayo inafanya kazi, na wafugaji wa kuku wa kisasa wanaitumia sana. Shida ya Lasota kijijini ni ubaridi: inatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwa kuku. Ukiichanganya kwenye maji ya bomba yenye klorini imekufa. Mimi kuitoa mjini ndani ya chupa ya chai yenye barafu, kwenye bodaboda, jua la Singida, sikuona kama ni mpango wa kudumu. I-2 ilitengenezwa Australia, Chuo Kikuu cha Queensland, kwa ajili ya mazingira kama haya yetu hasa: inavumilia joto. Nchi nyingi zilipewa mbegu yake zijitengenezee zenyewe, na sisi tunatengeneza, Kibaha, kwenye Wakala wa Maabara ya Veterinari. Kuvumilia joto siyo kuanikwa juani, lakini. Sisi tunaifunga kwa kitambaa kilicholowekwa maji na kuiweka karibu na mtungi, kivulini, hadi alfajiri ya kazi.

Mkutano tuliufanya chini ya mti nje ya kwa mwenyekiti wa kitongoji, baada ya kikao cha VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa sababu kina mama walikuwa wapo tayari na kina mama ndio wenye kuku. Bwana mifugo alikuja. Kina mama walielewa haraka, maana kila mmoja ameshapeleka mtoto kupata matone ya polio kliniki, na tone la jichoni halikuwashtua. Aliyetusumbua, kwa faida yetu, alikuwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi ambaye alikuwa amekaa pembeni na bakora yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sotoka tumeiona ikija na tumeiona ikiondoka. Ng'ombe hawachanjwi tena sotoka. Sasa hii ya kuku mnataka tuchanje mwaka huu, mwakani tena, mpaka lini? Mnashindwa nini kuimaliza?"

Swali lake niliondoka nalo, na baadaye nilimfuata bwana mifugo anifafanulie vizuri, kwa sababu nilijua mzee ataniuliza tena. Sotoka kweli imekwisha. Chanjo iliyoimaliza ilitokana na kazi ya Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya. Mara ya mwisho virusi vyake kuonekana ilikuwa 2001, Meru, Kenya, kwenye nyati, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba duniani kote haipo. Ugonjwa mwingine wa virusi uliowahi kumalizwa hivyo ni mmoja tu, ndui ya binadamu, ambayo ilitangazwa kwisha 1980. Bibi jirani yangu ana kovu la chanjo hiyo begani mpaka leo.

Ila ng'ombe akichanjwa sotoka anakingwa maisha yake yote, na anaishi miaka mingi, kwa hiyo ukizunguka zizini mara chache umefika mbali. Kinga ya tone la kideri inashuka baada ya kama miezi minne. Na katika miezi hiyo minne banda limebadilika: waliochanjwa nusu wameuzwa au wameliwa na wageni, na nusu ya waliopo ni wapya. Zaidi ya hapo virusi vya kideri vina mahali pengi pa kujificha. Bata anaweza kuwa navyo bila kuonekana mgonjwa, njiwa wanavyo, kanga wanaambukizwa. Nilimwambia mzee: "Shikamoo baba, nimeleta jibu. Hatutaimaliza. Tutakuwa tunaizuia mlangoni, mara tatu kwa mwaka." Akacheka, akasema basi andika kuku wangu. Alikuwa na wengi kuliko mtu yeyote, na hakuwahi kusema.

Tulikubaliana Januari, Mei na Septemba, kama wataalamu wanavyoshauri. Mzunguko ambao sikubali uchelewe hata wiki ni wa Septemba, kwa sababu huku kwetu kideri hupenda kiangazi, na baada ya hapo zinakuja sikukuu, kuku wanahama kwa wingi. Chanjo inahitaji wiki moja hadi mbili kujenga kinga. Ukisubiri mpaka usikie kwamba kijiji cha pili wanazika kuku, umechelewa. Wale ambao tayari wana virusi hawaokolewi na tone.

Kazi yenyewe ni ya alfajiri. Jioni tunapita nyumba kwa nyumba kukumbusha: msifungue mabanda kesho mpaka tufike. Nyumba moja ikifungua, umepoteza saa nzima mnakimbiza kuku kwenye mtama na bado hamtawapata wote. Vijana wawili wanashika, mimi nadondosha, binti mmoja anaandika. Kuku analazwa ubavu, jicho moja juu. Chupa unaishika wima kabisa, mdomo chini, maana ukiinamisha matone hayalingani na mwisho wa siku hesabu inakataa. Tone moja, jicho moja, unasubiri apepese ndipo unamwachia. Mkoba wa kukamatia hatuna, tunatumia kanga na mikono.

Karibu kila nyumba mpya wananiuliza jambo hilohilo: inakuwaje jogoo huyu wa kilo tatu apewe tone moja na kifaranga wa jana apewe tone hilohilo? Jibu ni kwamba ndani ya tone mna virusi hai, vya jamii ileile ya kideri lakini visivyo na ukali. Vikishaingia vinazaliana vyenyewe mwilini, na mwili unajifunza kuvitambua. Tone ni mbegu tu. Shamba ndilo linaloamua mavuno. Vilevile ndiyo sababu hatuchanji kuku aliyezubaa: tunampita, tunamwambia mwenye nyumba amtenge.

Wapo wanaotaka chanjo iwekwe kwenye maji, kuepuka kukimbizana. Inawezekana, ila kuku hawanywi sawa, na kwa njia hiyo mara ya kwanza lazima urudie baada ya wiki mbili au tatu. Sisi tumebaki na jicho. Tukimaliza tunanawa mikono kwa sabuni, na ninasisitiza hilo kwa vijana, kwa sababu virusi vya kideri vikiingia kwenye jicho la mtu vinaweza kulifanya jekundu na kuuma kwa siku kadhaa. Hupona, lakini kijana mwenye jicho jekundu akionekana kijijini, mzunguko unaofuata utasikia maneno.

Maneno yapo tu. Baada ya mzunguko wa kwanza kuku kadhaa wa mama mmoja walipata vidonda vyenye magamba kwenye upanga na kuzunguka macho, na wawili wakafa. Habari ikatembea kuliko mimi: chanjo ya jichoni imeharibu macho ya kuku. Ilikuwa ndui ya kuku, ambayo ni virusi vingine kabisa, husambazwa na mbu na kwa kudonoana, na ina chanjo yake ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa. Tangu hapo, kabla ya kufungua chupa nasema mbele ya mwenye nyumba na mashahidi: tone hili linazuia kideri peke yake. Mwewe atachukua, minyoo itadhoofisha, ndui itakuja. Kuku akifa, niite nimwone kabla hujamtupa. Wanaita. Nimejifunza magonjwa mengi ya kuku kwa njia hiyo kuliko semina yoyote.

Fedha haikuwa ngumu kama nilivyodhani. Tunatoza shilingi 100 kwa kuku, VICOBA inatanguliza hela ya chupa na nauli, kinachobaki tunagawana mimi na vijana. Tetea mmoja akiuzwa analipia matone zaidi ya 100, kwa hiyo hesabu hiyo haihitaji mhasibu. Wasio na hela siku hiyo wanalipa mayai. Daftari tunaliweka wazi, kila nyumba na idadi ya kuku wake, jambo ambalo mwanzo liliwafanya wazee wafiche kuku kwa kuhofia kodi.

Daftari hilohilo lilitusaidia ilipokuja chanjo ya kichaa cha mbwa. Tuliongeza safu ya mbwa, na jioni tukapita kukumbusha vilevile kwamba mbwa wafungwe kamba. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa asilimia 70 kichaa hakipati pa kupita. Watoto ndio waliowaleta mbwa wengi, wakiwaburuta kwa kamba za katani. Na mtu akiumwa na mbwa, tulikumbushwa siku hiyo, kidonda kioshwe kwa maji tiririka na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza hakuna kurudi.

Nyumba zinazochanja zimeongezeka, na nje ya mduara wetu kideri kimepita mara kadhaa bila kugusa kitongoji. Kinachoniumiza kichwa sasa ni kuku wanaotoka mnadani, kwa hiyo tumewekeana sharti: mgeni anakaa chini ya tenga wiki mbili, mbali na wenzake, ndipo achanjwe na kuachiwa. Wanaolitii ni wengi, siyo wote. Shemeji yangu mmoja anasema tenga lake ni la kuuzia, siyo la kulelea.

Kitongoji cha ng'ambo ya korongo wameomba tuanze nao Mei. Wanataka kulipa baada ya kuuza alizeti, na chupa haisubiri alizeti. Nimewapelekea ujumbe kwamba kila nyumba kumi zitoe jogoo mmoja, tumuuze mnada wa kabla yake, hela ipatikane. Mwenyekiti wao amekubali. Sasa wanabishana jogoo wa nani.