Mbege Iliyosubiri Msiba

Nilikozaliwa mimi, Njombe, pombe ya kienyeji hata moto haiuoni. Baba alikuwa na vichaka vya mianzi nyuma ya nyumba, na mvua zikishika alikata ncha za machipukizi machanga, akazitegea mbeta, vibuyu vya mwanzi, basi. Asubuhi na jioni alipita na kisu chake kidogo, akachonga kipande chembamba, akamimina ulanzi uliodondoka. Ukiunywa siku hiyohiyo ulanzi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anaonjeshwa. Ulanzi ukilala, unakuwa mkangafu, mkali, na hapo watoto wanafukuzwa. Mimi nilikua nikiamini kwamba pombe ni jambo la subira ya siku moja na mwanzi mwema.

Kisha nikaolewa Mwika, Uchagani, na Desemba ya 2009 nikakabidhiwa pipa.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa anapeleka mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wakwe Kilema. Kwa Wachaga posa haiendi mikono mitupu, na kreti za soda hazihesabiki. Unaweza kuwa na hela yote ya mahari kwenye bahasha, lakini bila mbege wazee wa upande wa binti watakuulizia habari za mvua na za ng'ombe mpaka jua lizame. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akipika kwa shughuli zote za ukoo. Mwaka ule vidole vyake vilikuwa vimeanza kukaza kwa baridi yabisi. Akanishika mikono, akaigeuzageuza, akasema, "Mama Neema, safari hii mikono ni yako. Mdomo ni wangu."

Alianza na kalenda ya usharika iliyoning'inia jikoni. Aliweka kidole kwenye Jumamosi ya shughuli, akarudi nacho nyuma. Mbege inanyweka vizuri siku moja, ya pili kwa kuvumiliana, ya tatu ni siki. Kwa hiyo ichanganywe Ijumaa jioni. Ili ichanganywe Ijumaa, uji wa kimea, yaani ulezi uliooteshwa, upikwe siku hiyohiyo asubuhi. Ndizi ziwe zimeshapikwa na zimelala kwenye pipa siku kadhaa. Kabla ya kupikwa ziwe zimevundikwa zikaiva. Na kimea kiwe kimeota, kimekauka na kimesagwa. Kidole kikavuka mwanzo wa mwezi, akafunua ukurasa wa Novemba.

"Ulezi ulitakiwa uwe umeshanunuliwa," akasema. "Vaa viatu."

Zamani, wananiambia, kila ukoo ulilima ulezi wake kwa maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia. Siku hizi unanunuliwa sokoni kama mchele. Mama mkwe hakununua kwa macho. Alichota punje, akaziweka ulimini, akazitafuna kwa meno ya mbele, akamuuliza muuzaji ulezi umevunwa lini na kama umewekwa dawa ya wadudu. Wa kwanza alijibu kwa kusitasita, tukaondoka. Ulezi uliokaa sana ghalani unafaa kwa uji wa mgonjwa, lakini hauoti, na usioota hauna faida kwa mpika mbege. Wanga uliomo ndani ya punje hauwezi kuwa pombe mpaka ugeuke sukari, na kinachougeuza ni vimeng'enya ambavyo punje yenyewe inavitengeneza inapojiandaa kuwa mche. Hayo niliyajua darasani, chuo cha uuguzi. Mama mkwe aliyajua kwa meno.

Tuliuloweka usiku, tukautandaza juu ya majani ya migomba, tukaufunika kwa magunia. Kazi yangu ilikuwa kunyunyiza maji na kugeuza. Siku chache baadaye niliponyanyua gunia, joto lilinipiga usoni. Punje zilikuwa zimetoa vijizizi vyeupe vilivyosukana, ukishika pembe moja kipande kizima kinainuka nayo, na chini yake mvuke unatoka. Nilikaa pale nimekichuchumalia mpaka mama mkwe akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Kukausha kimea hicho ndiyo ilikuwa shida, maana Mwika ya Desemba ina ukungu na manyunyu yasiyo na adabu. Tukakishusha Himo kwa jamaa zetu, kule jua halina mchezo, kikarudi kikavu, kikaenda mashineni.

Ndizi nazo zina mambo yake. Kumenya mikungu yote ile kunaacha utomvu mikononi ambao hausikii maji. Nilikwenda zamu zahanati na vidole vyeusi, wagonjwa wakaniangalia. Tulizichemsha kwenye pipa la bati lililokatwa, juu ya magogo matatu, tangu alfajiri mpaka mchana umepinda, nikikoroga kwa mwiko mrefu kuliko mimi, hadi rangi ikatoka kwenye umanjano ikawa nyekundu ya kuiva. Zilipopoa zikahamia kwenye pipa kubwa la plastiki, nalo nikataka kulisugua kwanza. Nilikuwa na sabuni mkononi tayari.

"Sabuni kwenye pipa langu sitaki."

"Mama, lina ukoko pembeni."

"Huo ukoko ndio unaopika. Wewe unakoroga tu."

Kama muuguzi roho iliniuma. Lakini ndivyo ilivyo: hakuna mtu pale anayenunua hamira dukani. Chachu inakaa kwenye kuta za pipa, kwenye mwiko, kwenye kata, inasubiri utamu mpya. Ukiisugua kwa sabuni umeifukuza, na mgeni atakayeingia badala yake huna hakika naye. Nilisuuza kwa maji matupu, nikanyamaza.

Alhamisi mchana simu ikaita kutoka Kilema. Bibi yake binti amefariki. Mazishi Jumamosi, kwa hiyo shughuli yetu isogezwe mpaka Jumatano ya wiki inayofuata.

Wote tuliokuwa jikoni tuligeuka kuliangalia pipa. Baba mdogo, ambaye ndiye mshenga, alikuwa wa kwanza kusema. Yeye alitaka tuendelee kama ilivyopangwa: kimea kipikwe, ichanganywe, na ikifika Jumatano imechoka tuitie sukari kilo kadhaa iamke. Alishatuma mtu dukani. Nasema kweli, mimi nilimwona ana hoja. Kuni zilishaungua, ndizi za watu zilishanunuliwa kuongezea zetu, na ndani ya pipa kulikuwa kunachemka bila moto: mapovu yanapanda, yanapasuka, yanapanda.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, maana ni shemeji yake na ni mtu mzima. Kisha akauliza, "Hiyo sukari imeshafika?"

Ikaja. Akaifunga kwenye kanga pamoja na unga wa mahindi, akasema twende tukawape pole wafiwa. Ndivyo ile sukari ilivyoenda Kilema, kwenye chai ya msibani, na baba mdogo akainywa huko.

Njiani kurudi ndipo aliponieleza, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza pale. Ndizi zinasubiri. Unga wa kimea, ukiwa mkavu, unasubiri. Ni pale vinapokutana ndipo hakuna tena wa kuvizuia, saa inaanza kwenda. Wapishi wanaoharibikiwa ni wale wanaoona pipa linatoa povu wakadhani limewaita. Povu la ndizi peke yake ni mazungumzo ya ndizi na chachu, yatakwisha yenyewe. Yakiisha, uchachu na kilevi kilichomo vinazilinda siku kadhaa, mradi pipa limefunikwa na hakuna mtu anayechovya kikombe. Sharti la mwisho aliliambia dirisha la gari, lakini baba mdogo alikuwa amekaa upande huohuo.

Basi tukasubiri. Kila asubuhi, kabla ya zamu, nilifunua majani ya mgomba na kuinamisha sikio. Mama mkwe alikuwa amekaa kigodani na chai yake. "Inasemaje?" Ijumaa ilikuwa inavuma. Jumamosi, tulipotoka mazishini, ilikuwa inanong'ona. Jumapili, kabla ya ibada, ikanyamaza, na machicha yakawa yamepanda juu, maji yake yamebaki chini. Nilionja kwa ncha ya kijiko. Utamu wote ulikuwa umeliwa, imebaki ukali unaokausha ulimi.

"Sasa imezeeka kidogo," akasema, wala hakuonekana kusikitika. "Kesho tuipe vijana."

Vijana walikuwa mikungu iliyobaki darini, imeiva mpaka maganda yana madoa meusi. Jumatatu tukazipika sufuria moja tu, tukazimimina juu ya zile za zamani. Jioni pipa lilikuwa linavuma tena. Baba mdogo alipita, akatega sikio, akaondoka bila kusema neno.

Jumanne ilikuwa ya kimea. Kila nyumba ina utaratibu wake, nami naeleza wa nyumba ile. Magome ya mti wa msesewe yalichemshwa kwanza, yakatoa maji machungu hasa, kisha yale maji yakatiwa kwenye uji wa kimea kwa kipimo ambacho mama mkwe hakuniruhusu hata kukisogelea. Uchungu ule ndio unaoifanya mbege iwe mbege, la sivyo ingekuwa togwa. Ukizidi, alisema, watu wataumwa kichwa na watasema ukoo wetu umewaroga. Baadaye nilisoma kwamba msesewe ni Rauvolfia, jamii moja na ule mmea wa India ambao ndani yake, mwaka 1952, wanasayansi wa Uswisi walitoa reserpini, dawa ya shinikizo la damu iliyotumika sana enzi hizo. Tangu hapo sijawahi kuuchukulia msesewe kama kiungo tu, na wazee wenye presha nikiwakuta kwenye shughuli nawaangalia mara mbili.

Uji uliiva saa nyingi, mzito, wa kahawia. Halafu ukaachwa. Nilikuwa na haraka, giza linaingia, lakini ukiuchanganya wa moto unaiua chachu, na ukiwa baridi inasinzia. Mama mkwe alitumbukiza kiwiko, akatikisa kichwa. Tukakaa. Akatumbukiza tena. Mara ya mwisho aliniambia nitumbukize mimi, nikakuta ni joto la maji ya kuogeshea mtoto mchanga, na hilo angalau nililijua vizuri kuliko mtu yeyote pale jikoni. Nikasema, "Tayari." Akakubali.

Ndizi tulizichuja kwa kiroba cha nailoni, wanaume wawili wakikinyonga huku na huku, machicha yakawekwa kando kwa ng'ombe. Maji ya ndizi na uji wa kimea vikakutana kwenye pipa lile lisilojua sabuni. Nilitarajia kitu kitatokea mara moja. Hakikutokea. Tukafunika, tukala, tukalala. Usiku wa manane niliamka kwa harufu, tamu na kali kwa pamoja, imejaa mpaka chumbani. Nilipotoka na tochi nilimkuta mama mkwe amejifunga shuka, amesimama kando ya pipa, povu limeinua yale majani ya mgomba na linateremka pembeni taratibu. "Kalale," akaniambia. "Hii sasa haihitaji mtu." Yeye mwenyewe hakuondoka.

Asubuhi pipa lilipandishwa kwenye pikapu. Mbege iliyo hai haifungwi mfuniko ukakazwa, itaurusha. Unaziba kwa majani na unaishikilia. Nikawekwa nyuma kuishikilia. Kila kona ya barabara ilinimwagia fungu langu, na tulipofika Marangu Mtoni kitenge changu kilikuwa kinanuka kilabu kizima. Askari wa barabarani akatusimamisha, akazunguka nyuma, akanusa, akaniangalia mimi, akaliangalia pipa. "Posa?" Nikamwambia ndiyo. "Msiwacheleweshe wazee," akasema, akatupisha.

Kilema tulipokelewa kwa upole wa nyumba yenye msiba wa juzi. Aliyeleta ndiye anayeonja kwanza, ili wenyeji wajue hakuna ubaya, na mama mkwe akanisukumia kata mimi. Ilianza na utamu, ukaja uchachu, halafu mwishoni kabisa, kooni, uchungu wa msesewe, na chenga za ulezi zikabaki kwenye meno. Baada yangu kata ikaenda kwa bibi mmoja wa makamo ya juu, dada wa marehemu. Alikunywa kidogo, akashusha, akanywa tena.

"Ndizi hizi zimekaa," akasema.

"Zimesubiri msiba wenu, mama," mama mkwe akajibu.

Yule bibi akaitazama kata. "Tulisema mtaleta ya sukari."

Baba mdogo alikohoa. Mazungumzo ya mahari yakafunguliwa, yakaenda yanavyokwendaga, kwa kuvutana, kucheka na kutoka nje kushauriana, na kufika alasiri pipa lilikuwa tupu na watu wamekubaliana. Mzee wa kanisa akaombwa afunge kwa sala. Tukasimama, tukainamisha vichwa. Alikuwa amefika kwenye kuwaombea wazazi wa pande zote mbili niliposikia maji yanamwagwa nyuma yetu. Binti mwenyewe, mchumba wa shemeji, kwa heshima zake zote alikuwa ameliinamisha pipa letu uani aturudishie likiwa safi, na mkononi ana kipande cha sabuni.

"Wee! Weka hiyo chini!" mama mkwe akapaza sauti, macho bado ameyafumba.

Mzee wa kanisa akasita, akasema amina.