Usiku tuliopwelewa

Jumapili iliyopita tulikuwa Coco Beach, mihogo mkononi, pilipili imeshaanza kuniwasha midomo, mwanangu wa kati akanigeukia akaniuliza, "Baba, mbona wewe unaishia magotini?"

Kumbe alikuwa ananichunguza siku zote. Kila tukienda, mama yake anaingia hadi kifuani, yeye na kaka yake wanajirusha kama vyura, mimi nakunja suruali na kusimama pale povu linapoishia, nimeshikilia viatu vya watu. Nikamwambia maji ya leo machafu. Mama yake akacheka mpaka kipande cha muhogo kikamdondoka.

Ukweli ni kwamba niliwahi kutembea katikati ya bahari, usiku, kwa miguu yangu miwili, na tangu siku hiyo mimi na bahari tunaheshimiana kwa mbali.

Ilikuwa Julai 2008. Mtihani wa mwisho tumeumaliza Ijumaa, Jumatatu asubuhi vyumba vya hosteli ya chuo pale Mabibo vinatakiwa viwe wazi. Mali yangu yote ya miaka mitatu ilikuwa begi moja la mgongoni na godoro la sponji la futi mbili na nusu, nimelikunja na kulifunga kwa kamba ya katani. Safari ilikuwa ya Mbagala kwa Shangazi. Nifike, nile, nilale, nisubiri serikali inipangie shule. Mfukoni nilikuwa na shilingi 43,000, makombo ya bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi.

Pale Rangi Tatu nikashuka, na kabla sijapata wa kunisaidia kubeba, nikasikia konda anaita, "Nyamisati! Nyamisati! Mafia ya leo leo!"

Sasa, mwenzangu wa chumba alikuwa kijana wa Kilindoni, huko huko kisiwani Mafia. Miaka mitatu mizima aliniimbia wimbo mmoja: ukikosa pa kwenda njoo kwetu, nazi zinaanguka zenyewe. Mimi mtu wa Singida. Nimekulia karibu na ziwa Singidani, lenye maji ya chumvi, lakini kwetu ziwa ni la kutazamwa tu. Nikamuuliza konda nauli, kwa kutaka kujua tu. Sijamaliza kuuliza, godoro likawa liko juu ya keria. "Msomi, ingia, gari linaondoka!" Ningependa kuandika hapa kwamba nilitafakari. Nililifuata godoro.

Njia sina la kusema. Mkuranga, Kimanzichana, Bungu tukaiacha lami, halafu vumbi na mikorosho mpaka matako yakafa ganzi. Nyamisati nayo wakati ule haikuwa na gati wala kivuko cha serikali kama siku hizi. Kulikuwa na tope, mikoko, na boti ya mbao yenye injini inayopakia saruji. Tulitakiwa tuondoke saa kumi, maji yamejaa. Lakini kulikuwa na mifuko mingine ya saruji ya tajiri fulani inakuja na fuso, ikasubiriwa. Mzee mmoja mwenye baraghashia akawa anatazama mizizi ya mikoko ikizidi kuchomoza, anasonya. "Maji yameshageuka," akasema, hakuna aliyemjibu. Tukaondoka saa kumi na mbili, jua linazama huku na mwezi wa kumi na nne unachomoza kule, mwekundu kama sinia la shaba.

Ilikuwa kama saa moja na nusu niliposikia sauti chini ya miguu yangu. Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mtu anayekwangua sufuria la ubwabwa taratibu. Nahodha akazima injini. Kimya. Mimi nikawa nimeshalikumbatia godoro, nimeamua kwamba sponji huelea.

"Tumepwelewa," akasema bibi mmoja kando yangu, kwa sauti ile ile ambayo angesema chumvi imekwisha.

Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, na hilo neno sikuwa nalijua. Kupwa najua, kujaa najua. Kupwelewa, maji yakukimbie na kukuacha mkavu na chombo chako, ilibidi niende nifundishwe papo hapo. Na mwezi ukiwa mpevu maji huwa ya bamvua, hushuka zaidi ya mita tatu kwa saa sita, kwa hiyo kila dakika tuliyokaa pale boti ilizidi kulala ubavu na ndoo za watu zikaanza kuteleza.

"Wanaume teremkeni, chombo kipumue," nahodha akaamuru. Wakateremka. Nikabaki mimi na kina mama.

"Na wewe bwana mdogo?"

"Shikamoo nahodha. Mimi sijui kuogelea."

"Marahaba. Aliyekwambia uogelee nani? Teremka utembee."

Hapa ndipo nataka mnielewe. Pande zote ni bahari. Nuru ya mwezi imetandazwa juu ya maji kama bati jipya, mikoko ya delta ya Rufiji imebaki mstari mweusi kwa nyuma, mbele hakuna kitu. Nimening'inia ubavuni mwa boti, mikono miwili imeng'ang'ania ubao, mguu mmoja unapapasa chini gizani. Maji yakanipita kifundoni. Yakanipita katikati ya muundi. Nikafumba macho nikaachia. Yakaishia magotini.

Mchanga ulikuwa mgumu, wenye mistarimistari kama bati la mgongo, na ulikuwa na joto. Hilo sikulitegemea kabisa, kwamba sakafu ya bahari inaweza kuwa na joto kuliko upepo wa kusi ulionipiga usoni. Nikapiga hatua moja. Kitu kidogo kikakimbia juu ya unyayo wangu, nikaruka, watu wakacheka. Kaa. Nikapiga hatua nyingine, na nyingine, mpaka nikawa mbali na boti hatua kama hamsini, maji yananifika vifundoni tu, nimesimama peke yangu mahali ambapo kwenye ramani pamepakwa rangi ya buluu. Nikatoa simu yangu ya tochi. Mtandao hakuna. Kama ungekuwepo ningempigia nani, nimwambie nini? Shangazi, niko baharini nimesimama?

Ikifika saa tatu fungu lote likawa kavu. Boti imelala kama ng'ombe aliyechoka, ndani hakukaliki. Wakashusha turubai, na juu ya turubai likatandikwa godoro langu. Sikuombwa. Bibi wa chumvi alikaa juu yake, akapanga watoto watatu mgongo kwa mgongo, akawafunika khanga. Mama mmoja akawasha jiko la mkaa akachemsha chai yenye tangawizi kwenye sufuria ya mtu mwingine. Nahodha akatazama nyota, akanyoosha mkono kaskazini, wanaume wakapanga safu mchangani wakaswali. Mimi Mkristo, nikasimama nyuma yao nimeshikilia kandambili zao zisije zikachukuliwa na upepo.

Baada ya chai wakaniuliza nimesomea nini. Historia na Kiswahili, ualimu. "Basi Mwalimu, tupe historia." Jambo pekee lililonijia ni Königsberg, manowari ya Mjerumani iliyojificha humo humo kwenye mikono ya Rufiji mwishoni mwa 1914, Waingereza wakaiteka Mafia na kuifanya kituo cha kuiwinda, mpaka Julai 11, 1915, ikapigwa na Wajerumani wenyewe wakamalizia kuizamisha, kisha wakang'oa mizinga yake kumi na kwenda kupigana nayo bara. Nilieleza vizuri, nadhani, kuliko nilivyoandika kwenye mtihani. Mzee wa baraghashia alikuwa anaitikia kwa kichwa, hiyo habari anaijua, babu yake alimsimulia mlio wa mizinga.

Nahodha akauliza, "Huyo Mjerumani alikuwa na ramani?"

"Alikuwa nayo."

"Na dira?"

"Naamini."

"Na bado akanasa. Basi mimi msinilaumu."

Saa tano maji yakasimama. Nakwambia husimama kweli. Kisha, sijui baada ya muda gani maana nilishasinzia nimekaa, yakaanza kurudi, na kilichotangulia ni sauti: mchirizo mwembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto, kutoka pande zote kwa pamoja. Nikatazama, sikuona kitu. Nikatazama tena, vishimo vya nyayo zetu vimejaa. "Pandeni," nahodha akasema, safari hii hakuna utani. Watoto wakabebwa wamelala. Nikakunja godoro, upande mmoja umeshanyonya maji, zito kama maiti, nikalisukuma juu na mtu akalivuta, mimi nikawa wa mwisho, maji yananifika kiunoni na mkondo unanivuta miguu kwa nyuma. Kiunoni. Huo ndio upeo wangu mpaka leo. Mkono ulionishika shingo ya shati ulikuwa wa yule bibi.

Saa tisa hivi boti ikatikisika, ikasimama wima, ikaelea. Hakuna aliyepiga makofi. Injini ikawaka.

Mengine mafupi. Kilindoni tukafika jua limeshapanda. Mwenzangu hakuwepo: alikuwa amekwenda Dar kutafuta kazi, na nikipiga hesabu tulipishana njiani. Mama yake alinipokea kama vile nilikuwa na miadi. Nikakaa siku tisa nakula samaki wa kupaka, nafundishwa kufua nazi, na nazi haziangukagi zenyewe, watu wanazipandia. Papa potwe niliyesimuliwa sana sikumwona. Huja kuanzia Oktoba. Siku ya kumi nataka kuondoka, natazama mfuko, nauli haitoshi. Kumwomba mama wa watu aliyenilisha siku zote hizo nikaona haya. Nikauza godoro.

Kwa Shangazi nikafika mikono mitupu, nimekauka kama ng'onda, ngozi imebabuka. Alikuwa ameshamaliza vituo vya polisi viwili akinitafuta. Nikamwambia nilikwenda kwa rafiki na godoro limeibwa Rangi Tatu. Akawatukana vibaka wa Mbagala kwa dakika kumi, na kila tulipopita pale, miaka iliyofuata, akanikumbusha nishike begi.

Jambo ambalo sijaliandika mpaka sasa ni kwamba lile godoro alininunulia yeye, nilipoingia mwaka wa kwanza, kwa hela ya vitumbua. Nimejaribu mara mbili kumwambia. Mara ya kwanza kulikuwa na msiba, mara ya pili nilikuwa nimekwenda kukopa.

Mwanangu bado anangoja jibu la magoti. Namfikiria yule bibi aliyelala juu ya godoro la watu na asubuhi akaniambia lina kunguni, kwa sauti ile ile ya chumvi.

Siku hizi Shangazi ana simu kubwa, na binti yake humsomea ninayoandika. Kwa hiyo, Shangazi, shikamoo. Halikuibwa. Najua hutauliza la bahari wala la kufa, utauliza bei tu. Elfu tisa. Lilikuwa limeloa upande mmoja.