Kikomo cha chini kilitoka hasi: jinsi nilivyotatua

Kati ya wahojiwa 40 wa dodoso langu, wawili walijibu "ndiyo". Kadirio la nukta, yaani namba moja ya kukisia uwiano wa watu wote, ni asilimia 5, hapo hakuna utata. Lakini kadirio la masafa, yaani kikomo cha chini na cha juu ambamo uwiano huo unatarajiwa kuwa, kwa uhakika wa asilimia 95, lilitoka hasi 1.75 hadi 11.75. Asilimia hasi ya watu!

Nilikagua data upya, nikabadili programu, jibu likawa lilelile. Nikaandika 0 badala ya ile hasi, ila huko ni kufunika kidonda tu.

Tatizo ni kanuni yenyewe: uwiano, kujumlisha na kutoa 1.96 mara kosa sanifu (kipimo cha jinsi uwiano unavyoyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine). Inategemea umbo la kengele, yaani uwiano wa sampuli mbalimbali utawanyike sawa pande zote mbili, jambo ambalo halipatikani "ndiyo" zikiwa mbili.

Nikahamia kanuni ya Edwin Wilson ya 1927. Kwanza, ongeza 3.84 (1.96 mara 1.96) kwenye wahojiwa na nusu yake, 1.92, kwenye "ndiyo": 3.92 kwa 43.84, yaani asilimia 8.94. Kisha nusu ya upana: 1.96 mara kipeuo cha pili cha (1.90 + 0.96), ambapo 1.90 ni 40 × 0.05 × 0.95 na 0.96 ni robo ya 3.84, gawanya kwa 43.84, asilimia 7.56.

Hapa ndipo nilipokwama tena, maana niliipachika 7.56 kwenye 5 na hasi ikarudi. Inapachikwa kwenye 8.94, kitovu cha masafa: 1.38 hadi 16.50. Kadirio la nukta linabaki 5, nalo halikai katikati.

Sampuli yangu ilikuwa nasibu sahili, yaani kila mtu alichaguliwa kwa bahati nasibu, mmoja mmoja. Kama yako ilichukuliwa kwa makundi, usitumie idadi kamili ya wahojiwa, kama nilivyotumia 40. Igawanye kwanza kwa athari ya usanifu wa sampuli, yaani namba inayoonyesha ni mara ngapi kuchukua kwa makundi kunakuza mtawanyiko wa kadirio.