Lee-Enfield ya 1917
Hatimaye nimeipata! Bunduki ya jeshi la Uingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1917 umegongwa kwenye chuma chake. Kwanza niliangalia namba. Ya kwenye bolti, kile chuma kinachovutwa nyuma na mbele kuingiza risasi, inalingana na ya kwenye mwili na mtutu, na hapo ndipo thamani ilipo. Zikitofautiana, bei inashuka. Mbao yake ina mikwaruzo na imekolea mafuta ya miaka mingi, lakini haijapigwa msasa wala vanishi, na mihuri midogo ya wakaguzi bado inasomeka. Wengi huzing'arisha bunduki za zamani wakidhani wanazipandisha bei, kumbe wanafuta kile kile wakusanyaji wanachokilipia. Inaniuma sana! Nikamulika tochi ndani ya mtutu: michirizi inayoizungusha risasi bado mikali, kutu kidogo karibu na mdomo. Kibali kilikamilika kabla sijakabidhiwa.